Wijeti ya maji kujaa na kupwa ilivyoniletea wageni Mikindani

Mkuu, umesema uko Masasi, unabangua korosho, na unataka kutengeneza wijeti, yaani kijisanduku cha kubandikwa ndani ya tovuti za wengine, yenye picha na bei zako halafu uwaombe wenye tovuti waibandike kwao. Mimi nilianza na wazo hilohilo nikapoteza miezi. Hiyo uliyoeleza ni tangazo, na tangazo watu hulipwa kuliweka. Mwenye tovuti hubandika kitu cha mtu bure pale tu kinapompunguzia kazi au kinapomrudisha msomaji wake kesho.

Nina vyumba sita vya wageni hapa Mikindani na boti moja. Swali ninaloulizwa kuliko yote wala si bei ya chumba, ni "maji yanakupwa saa ngapi?" Anauliza anayekwenda Msimbati, anauliza mpiga mbizi, anauliza anayetaka tu kutembea mwambani. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpya na mwezi mpevu, bahari yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, ukikosea saa safari imeharibika. Nikakaa na kijana mmoja fundi wa kompyuta, tukaingiza jedwali la maji la mwaka mzima la bandari ya Mtwara, kikatoka kijisanduku: leo yanajaa saa fulani, yanakupwa saa fulani, ni bamvua au maji mafu, yale ya kupanda na kushuka kidogo. Chini yake jina la nyumba yangu na kitufe cha WhatsApp. Basi.

Wa kwanza kukibandika alikuwa jirani yangu mwenye nyumba ya wageni, yaani mshindani. Mke wangu alinicheka wiki nzima. Lakini jirani hana boti, na wageni wake walianza kunitafuta mimi.

Sasa makosa, maana hapo ndipo pesa ilipopotelea. Toleo la Kiingereza tulilitafsiri maneno tukasahau saa. Mgeni mmoja akasoma maji yanakupwa "4:00", akajidamka saa kumi alfajiri kwenda kutafuta pweza mwambani, akakuta bahari imejaa mpaka kwenye mikoko. Sisi tulimaanisha saa nne asubuhi! Siku za bamvua huku ndivyo ilivyo, saa kumi yamejaa, saa nne yamekupwa, kwa hiyo alilala njaa ya pweza wake kwa kosa la mstari mmoja.

Kosa la pili lilikuwa skripti, yaani msimbo wangu kuendeshwa ndani ya ukurasa wa mwenzangu. Seva niliyokodi ilipozimika, ukurasa wa jirani ukabaki unaisubiri, mweupe pee. Maneno aliyonipigia nayo simu siyaandiki. Tangu hapo natumia aifremu. Hiyo ni kama dirisha lenye chumba chake: mimi nikizimika linabaki pengo, nyumba yake inasimama. Ongezea loading="lazy" kwenye msimbo wa aifremu ili isiburute ukurasa kwenye simu, na ijaribu kwenye simu ndogo kabisa utakayoipata.

Utaambiwa pia ufiche ndani yake kiungo chenye maneno kama "korosho bora Mtwara" ili Google ikupandishe. Usithubutu. Google ilishakataza viungo vya namna hiyo ndani ya wijeti, na 2016 ikakumbusha tena. Kwenye kiungo chako weka rel="nofollow", alama ya kuiambia Google isikihesabu, uendelee na biashara. Faida yako ni jina na kile kitufe.

Na kitufe kipime. Kiungo cha wa.me, kile kinachofungua WhatsApp moja kwa moja, kinaruhusu ujumbe ulioandikwa tayari, kwa hiyo kila anayebandika nampa msimbo wake, na mgeni akibonyeza ujumbe unaanza "Nimeona maji kwenye tovuti ya fulani". Ndivyo nilivyogundua kwamba ukurasa mmoja wa habari za uvuvi, niliodhani ni dhahabu, hauniletei mtu. Wanaousoma ni wavuvi, na wavuvi wana vitanda vyao na boti zao.

Kwako wewe, ningetengeneza kikokotoo cha madaraja ya korosho. Watu wanaona W320 kwenye pakiti hawajui kuwa ni punje 300 hadi 320 kwa ratili moja, na kwamba W180 ni punje kubwa zaidi. Mwoka keki aandike anataka punje ngapi, kimwambie anunue gramu ngapi za daraja lipi. Tovuti za mapishi zinaweza kukipenda hicho. Bei za mnada nazo zinavuta macho kuanzia Oktoba, ila zinataka mtu wa kuziingiza kila mnada bila kuchoka. Bei ya wiki mbili nyuma itakuaibisha.

Ila kabla hujamlipa fundi, kaa uandike majina ya tovuti zinazoweza kukibandika. Wengi wetu huku kusini biashara zetu ziko WhatsApp na Instagram tu, na huko aifremu haiingii. Ukikosa hata tano, fanya ninachofanya mimi kila bamvua: nakipiga picha kijisanduku naiweka status. Wiki iliyopita nilirudishiwa picha hiyohiyo na mtu wa Kilwa, akiniuliza kama naijua hiyo nyumba ya wageni.