Msomaji Auliza: Je, Naweza Kufupisha Mzunguko wa Manaslu?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwaka jana nilifika kilele cha Uhuru kwa njia ya Marangu, na tangu hapo nimekuwa nikiweka akiba ili niende Nepal mwezi Oktoba. Nimeambiwa kwamba njia za Everest na Annapurna zina msongamano wa watalii, kwa hiyo nimechagua kuuzunguka mlima Manaslu. Wakala mmoja wa Kathmandu ameniandikia kwamba, kwa kuwa nimeshapanda Kilimanjaro, tunaweza kuifuta siku ya mapumziko ya Samagaun na kutoka hapo kwenda moja kwa moja hadi Dharamsala bila kulala Samdo, ili safari ilingane na likizo yangu. Je, nikubali?
Msomaji, Arusha

JIBU: Usikubali, ndugu msomaji, na ikiwa likizo yako haiongezeki, ni heri uiahirishe safari kuliko kuziondoa siku hizo mbili. Kilimanjaro imekupa faida kubwa, kwani sasa unajua miguu yako inastahimili nini, unaijua baridi ya alfajiri, na umejifunza kwenda polepole bila kuona haya. Hata hivyo, mwili uliozoea upungufu wa oksijeni haubaki hivyo mwaka mzima. Mazoea hayo hupotea wiki chache baada ya mtu kurudi chini, na anayekwenda Nepal akitokea Arusha huanza upya sawa na wenzake wote.

Tena milima hii miwili haimjaribu mtu kwa namna moja. Kwa njia ya Marangu ulitoka kambi ya Kibo, kwenye mita 4,720, katikati ya usiku, ukafika mita 5,895, na siku hiyo hiyo ukateremka hadi Horombo, kwenye mita 3,720. Manaslu, ambao ni mlima wa nane kwa urefu duniani wenye mita 8,163, wewe huupandi bali unauzunguka: unaufuata mto Budhi Gandaki kuanzia Machha Khola, chini ya mita 1,000, unapita Jagat, Deng na Namrung, unapanda hadi vijiji vya juu vya Samagaun na Samdo, unavuka kipito cha Larkya La kilicho juu ya mita 5,100, kisha unateremkia upande wa pili hadi Bimthang na Dharapani, ambako njia hii inakutana na ile ya Annapurna. Barabara ya gari iko mwanzoni na mwishoni. Kati ya ncha hizo mbili ni miguu yako, nyumbu wa mizigo na madaraja ya kuning'inia.

Sasa tazama hesabu ya wakala wako. Samagaun iko kwenye mita 3,530 hivi, Samdo 3,860 na Dharamsala 4,460. Madaktari wa milimani hushauri kwamba, ukishapita mita 3,000, mahali unapolala pasipande kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kwamba kila baada ya siku tatu au nne upumzike. Hata ratiba ya kawaida inaivuka kanuni hiyo kidogo kati ya Samdo na Dharamsala, na hiyo ndiyo sababu wasafiri hulala Samagaun usiku wa pili. Wakala anataka uruke zaidi ya mita 900 kwa siku moja, bila mapumziko yoyote kabla yake.

Dharamsala yenyewe si kijiji. Ni vibanda vichache vya mawe na mahema, mahali ambapo watu hulala saa chache tu, kwa sababu ni lazima waondoke saa tisa au saa kumi za usiku ili wavuke Larkya La kabla upepo wa mchana haujachachamaa. Mgonjwa aliyeko hapo akitaka kusonga mbele ni lazima kwanza apande mita nyingine mia sita na zaidi, na akitaka kuteremka ni lazima arudi Samdo na Samagaun kwa miguu au kwa kubebwa. Helikopta hufika anga likiruhusu tu. Kwa hiyo hakikisha kwamba bima yako inataja uokoaji wa helikopta na safari za hadi mita 6,000.

Kichwa kikiuma, ukasikia kichefuchefu na kukosa hamu ya kula, usipande tena mpaka hali hiyo iishe. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, akachanganyikiwa, au akahema sana hali ameketi, ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku. Dawa ya asetazolamaidi huusaidia mwili kuzoea, lakini muone daktari kabla ya safari, hasa ikiwa dawa za salfa hukudhuru, na usiichukulie kuwa ruhusa ya kwenda mbio.

Siku ya Samagaun pia si ya kulala kitandani. Utatembea hadi ziwa Birendra, lililo chini ya barafu ya Manaslu, au utapanda hadi monasteri ya Pungyen, kisha urudi kulala pale pale kijijini. Wenyeji wa hapo ni watu wa Nubri, Wabudha wenye asili ya Tibet, wanaolima shayiri na kufuga yaki, yaani ng'ombe wa milimani wenye manyoya marefu. Njiani utakuta kuta ndefu za mawe yaliyochongwa maneno ya sala, nawe uzipite zikiwa mkono wako wa kulia, kama wafanyavyo wenyeji. Na nyumbu wakija, simama upande wa mlima, kamwe usisimame upande wa korongo, kwa maana mzigo mmoja ukikugusa unaweza kukusukuma chini. Kwangu mimi, anayepita Samagaun kwa haraka ameikosa sehemu bora ya safari.

Wala hakuna fedha ya maana utakayookoa. Kibali cha eneo hili, kuanzia Septemba hadi Novemba, kimekuwa dola 100 kwa wiki ya kwanza na dola 15 kwa kila siku inayozidi, na kiongozi mwenye leseni ni wa lazima. Mwandikie wakala kwamba unataka usiku mbili Samagaun, usiku mmoja Samdo, na siku moja ya akiba kwa ajili ya theluji. Oktoba 2014, dhoruba ya theluji iliua zaidi ya watu 40 katika eneo la Annapurna, wakiwemo Wanepali waliokuwa kazini. Muulize pia kama wapagazi watakuwa na viatu na makoti ya kuvukia Larkya La. Akikataa, tafuta mwingine.

SWALI: Mimi ni Mwislamu na ninapanga kupita njia hiyo hiyo pamoja na mwanangu. Tutakula nini?
Mama wa Mombasa

JIBU: Mama, agizeni dal bhat kila mlo, yaani wali, mchuzi wa dengu na mboga, na kwa kawaida mtaongezewa bila malipo. Hiki ndicho chakula cha viongozi na wapagazi wenyewe, hupikwa kila siku na hakikai. Nyama iachieni Kathmandu, kwa kuwa inayofika juu mara nyingi imebebwa siku kadhaa bila jokofu, na hamtajua imechinjwaje. Chukueni tende na njugu za kutosha kwa siku ya Larkya La, na rupia taslimu za safari nzima.