Mwanza kwa bajeti ndogo: ulale mtaa gani?

Msomaji mmoja wa Morogoro ameniandikia wiki iliyopita. Anakuja Mwanza na mkewe kutembea, anataka gesti ya bei poa, tulivu, karibu na mjini, akifungua dirisha aone ziwa. Kaka yangu, hapo umeielezea Capri Point, na Capri Point, mtaa wa wenye nazo kando ya ziwa, haina bei poa.

Namjibu hapa ili na wengine mpate, maana Mwanza mimi naijua kwa kuilala. Natoka Dodoma kufuata dagaa soko la Mwaloni, huko Kirumba, tangu mtaji wangu unaenea kwenye pochi, na faida ya dagaa ni ndogo, ukilala kifahari umeshaila. Wifi yangu mmoja aliwahi kusema mbele za watu, kwenye shughuli, "Biashara gani hiyo ya kulala gesti za Kirumba?" Watu wakacheka. Siku hizi yeye ndiye ananipigia kuniuliza Mwanza alale wapi. Namwelekeza vizuri tu, ila sijasahau.

Kabla ya kuuliza bei ya chumba, uliza basi linakushusha wapi na saa ngapi. Mabasi ya Dar, Dodoma na Shinyanga yanakushusha stendi ya Nyegezi, kusini mwa jiji. Ukitokea Musoma unaingilia stendi ya Nyamhongolo, upande mwingine kabisa. Wa Geita na Bukoba, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, hawasubiri tena kivuko, kwa hiyo wanaweza kukadiria saa ya kufika. Sasa wewe unashuka Nyegezi saa sita usiku, chumba umeshika mjini kwa sababu kimepungua elfu tano. Bodaboda wa saa hizo anamjua mgeni kwa jinsi anavyolishika begi. Ile elfu tano anaichukua yeye. Mimi nikiingia usiku nalala Nyegezi hapohapo, asubuhi napanda daladala kwenda mjini, ziwa likiwa mkono wa kushoto.

Kwa mtu wa kutembea, mjini katikati ndipo penyewe. Wajerumani waliweka kituo chao hapa mwaka 1892, reli ikafika 1928, na pamba ikaujaza mji maduka. Ndiyo maana hadi leo kuna Barabara ya Pamba, na timu ya mpira ni Pamba. Majengo ya zamani ya Wahindi bado yapo, ukiinua macho juu ya mabango ya simu utayaona. Soko, kivuko cha Kamanga, Jiwe la Bismarck lililosimama ziwani, boti za kwenda kisiwa cha Saanane, vyote unavifuata kwa miguu. Nauli unayookoa hapo ni sato mzima wa jioni.

Kirumba ni kwangu, siwezi kupasema vibaya. Lakini ukweli usemwe: upepo ukitoka Mwaloni, dagaa unalala nao chumbani. Na tangu Pamba Jiji ipande Ligi Kuu mwaka 2024, siku Simba au Yanga wakija Uwanja wa CCM Kirumba, usitegemee chumba wala usingizi. Kama huna shughuli sokoni, hakuna kinachokupeleka huko.

Kuna wanaopenda vilimani, Isamilo au Mabatini, kwenye nyumba zilizokaa juu ya mawe. Ziwa utaliona, tena kwa bei ya chini. Ila ujue, ukipanda na begi utalia, na maji nayo hayapendi kupanda mlima.

Mtaa ukishaupata, usitoe hela hadi umeingia chumbani. Utakuta kaunta yenye wavu, daftari la wageni linalokuuliza kabila, utokako na uendako, na dada anayekuambia "vyumba ni vizuri" bila kuinuka. Mwombe ufunguo kwanza. Fungua bomba, usikubali hadithi ya kwamba maji yanakuja jioni. Nyanyua chandarua utazame matundu. Mimi nilishapewa kandambili mbili zote za mguu wa kushoto, na nilipolalamika nikaambiwa wateja wengine wanavaa. Halafu uliza bila aibu kama wanapokea watu wa muda mfupi. Wakianza kuchekacheka, jibu umepata. Kwa mtu na mkewe hapo hapafai, milango itagongwa usiku kucha. Uliza pia saa ya kutoka. Gesti nyingi ni saa nne asubuhi, hata kama uliingia alfajiri.

Tatizo letu Watanzania tunaona haya kukagua. Tunaogopa kuonekana hatuna hela. Nani kakuambia mwenye hela hakagui? Matajiri wa dagaa ninaowaona pale Mwaloni wanaingiza mkono hadi chini ya gunia kabla hawajataja bei, na hakuna anayewacheka. Acheni kulala kwa ajili ya macho ya mawifi!

Kwa hiyo, kaka wa Morogoro, usiku wa kwanza lala Nyegezi. Asubuhi mwache mkeo na mabegi gesti kwenye chai, wewe nenda mjini uzunguke mitaa ya nyuma ya Barabara ya Pamba, ingia gesti tatu nne, lipia usiku mmoja tu. Maji yakitoka mpaka asubuhi, lipia na wa pili. Capri Point mtaenda jioni kwa miguu, barabara hailipiwi.