Unene Ndio Unaoumbua: Kwa Anayeanza Kuunda Magari Madogo kwa Mkono

Gari la kwanza nililoliunda kuanzia sifuri lilikuwa na kila kitu: waipa, vitasa vya milango, nyaya za plagi, hata pedali ambazo hakuna jicho lingezifikia. Nikaliweka mezani, nikashusha kamera hadi usawa wa bampa, nikapiga picha. Kwenye picha nikaona kifaru cha vita kilichopakwa rangi nyekundu. Kwa miezi kadhaa sikujua kasoro iko wapi, nikawa naongeza vikorokoro. Kila nilipoongeza, kifaru kikazidi kuwa kifaru. Hakuna kilichopungua kwenye gari lile. Lilikuwa nene tu, kila mahali.

Piga hesabu. Bati la bodi ya gari la kweli halifiki milimita moja. Kwenye skeli ya 1/24, milimita moja ya modeli ni milimita 24 za gari lenyewe. Mimi milango niliikata kwenye shiti ya plastiki ya milimita 1, kwa kuwa ni ngumu na haipindi ovyo. Maana yake gari langu lilikuwa na bati la sentimita 2.4! Plastiki nyembamba kama inavyotakiwa haitasimama hata ukiipata, kwa hiyo sote tunalidanganya jicho. Bodi iache nene, lakini kila ukingo unaoonekana, yaani matao ya magurudumu, mdomo wa boneti, mlango ulioachwa wazi, uchonge kwa ndani kwa tupa na msasa mpaka uwe kama ncha ya ukucha. Ukitumia dakika kumi nyuma ya tao la gurudumu, gari litabadilika kuliko ukitumia siku nzima kwenye kabureta itakayofunikwa na boneti.

Usianze na gari zima. Chukua seti ya kawaida ya kuunganisha, weka kando kipande kimoja, ukiunde upya mwenyewe. Rejeta inafaa, kiti cha dereva kinafaa. Ukiharibu, cha zamani bado kipo ndani ya boksi.

Kabla hujashika wembe, shika kalamu. Skeli ya 1/24 inatokana na nusu inchi kwa kila futi moja. 1/43 ilitoka kwa watu wa treni ndogo, milimita 7 kwa futi. 1/24 na 1/25 zinafanana ukizitazama kwa mbali, ila ukichanganya vipande vyake utajuta, hasa magurudumu na viti. Gari la kujifunzia hesabu ni Volkswagen Beetle: kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi cha nyuma ni milimita 2,400, kwa hiyo kwenye 1/24 unapata 100 kamili, bila desimali. Tairi nalo limeandikwa vipimo vyake ubavuni. 165/70 R13 ina maana upana wa milimita 165, ubavu ni asilimia 70 ya upana huo, yaani 115.5, na rimu ni ya inchi 13, yaani milimita 330.2. Jumlisha ubavu mara mbili na rimu, utapata kipenyo cha tairi zima, 561.2. Gawa kwa 24, ni milimita 23.4. Ukikosea tairi kwa milimita mbili, hata bodi iliyopimwa vizuri itaonekana imekosewa, na utahangaika kurekebisha bodi isiyo na kosa.

Picha ni msaada lakini zina hila. Ukiisogelea pua ya gari na kupiga picha kwa karibu, pua inavimba na nyuma inasinyaa. Niliwahi kupima boneti kutoka kwenye picha ya namna hiyo, nikapata boneti inayolifaa lori. Piga ukiwa mbali, vuta kwa lenzi, kamera iwe usawa wa katikati ya mlango. Kisha tafuta kipimo kimoja unachokijua kwa hakika, mfano rimu, ukitumie kama rula ya vingine vyote.

Tuje kwenye nyaya, maana hapo ndipo wengi hunogewa. Waya wa plagi kwenye gari la kweli una kipenyo cha milimita 7 au 8 hivi. Kwenye modeli hiyo ni takriban 0.3. Nyaya nyingi ambazo wanaoanza hutumia zina unene mara tatu ya hapo, injini ikaonekana imevamiwa na nyoka. Tumia waya laini wa shaba kutoka kwenye kebo kuukuu: hukubali kupindwa na hubaki na umbo. Toboa kwa kekee ndogo ya mkono, polepole, bila kukandamiza. Halafu heshimu mpangilio wa kuwaka, yaani zamu ya kila silinda kupata moto. Injini nyingi za silinda nne zilizopangwa mstari mmoja huwaka 1-3-4-2, ya Beetle ni 1-4-3-2, na V8 ya Chevrolet iliyokuja na magari ya toleo la 1955 ni 1-8-4-3-6-5-7-2. Usidhani hakuna atakayehesabu. Mimi nilimwonyesha fundi makenika kazi yangu; hakusema neno juu ya rangi wala viti. Aliinama, akatazama, akauliza, "Koili inaleta moto kupitia wapi?" Kofia ya distribyuta, yaani kigawa moto, ya silinda nne ina nyaya tano: nne za plagi na moja ya koili. Nilikuwa nimeweka nne.

Kwenye gundi nitakuwa mfupi. Gundi inayoyeyusha plastiki hushikanisha plastiki kwa plastiki, na tone dogo la brashi linatosha. Ukizidisha, shiti nyembamba hulegea na kukunjamana. Supagluu ni ya chuma na resini, ile plastiki ya kumimina kwenye kalibu. Usiikaribishe kwenye vioo, mvuke wake huacha ukungu mweupe. Vioo vibandike kwa gundi nyeupe ya mbao, ambayo ikikauka haionekani. Na ukisugua resini, sugua kwa msasa wa maji huku umevaa barakoa, kwani vumbi lake si la kuvuta kifuani. Rangi na thina vilevile vinataka dirisha wazi.

Rangi nayo ina unene, tena ndiyo mbaya zaidi kwa sababu inakuja mwishoni, ukiwa umeshajipongeza. Mwanya kati ya mlango na bodi kwenye gari la kweli ni kama milimita 4 au 5. Kwako ni 0.2. Praima, rangi na vanishi vikipita juu yake, mwanya unazibwa na mlango unakuwa mchoro tu. Ndiyo maana tunaichimba mistari hiyo upya kabla ya praima, kina kidogo zaidi ya tunavyotaka kionekane. Puliza tabaka jembamba, subiri, puliza tena. Usipulize laka juu ya rangi ya enameli: thina ya laka huishambulia iliyo chini na uso wote hujikunja kama ngozi ya mzee. Jaribu kwanza kwenye kijiko cha plastiki, kina mviringo kama bodi na hakikulilii. Rangi za metali za magari makubwa mimi siziamini. Chembe zake zinazong'aa ni kubwa mno kwa skeli hii, na gari huishia kumetameta kama pambo la sherehe. Mistari ya milango ukiikolezea kivuli, usitumie nyeusi tupu kwenye gari jeupe. Kijivu kinatosha.

Kifaru changu cha kwanza bado ninacho. Milango niliing'oa zamani, nikaigeuza ya kujaribia rangi, na kwa sasa ina tabaka zisizohesabika. Bodi inakaa pembeni ya meza, imebeba vibano na tupa zangu. Kwa bati la sentimita 2.4, uzito huo hausumbui.