Re: Mapango ya Budapest yanafanana na yale ya Marangu?

Hapana mkuu, hayafanani. Ya Wachagga kule Marangu yalichimbwa na wazee kwa mikono ili wajifiche wakati wa vita. Ya Budapest, kule Hungaria, ni ya asili: maji ya moto yalipanda kutoka ardhini yakala mawe ya chokaa.

Kwa kuwa unaenda masomoni huko, anza na pango la Pálvölgyi, liligunduliwa 1904 kwenye machimbo ya mawe. Mtandao wake unapita kilomita 30. Humo ni kama nyuzi 11 mwaka mzima, Moshi ya Julai ina nafuu, kwa hiyo beba sweta. Ukitaka kutambaa, omba pango la Mátyáshegyi: unapewa ovaroli, kofia ngumu na taa, halafu kuna vipenyo unapita kwa tumbo, mkono mmoja mbele, kofia ikikwaruza mwamba. Wenye vitambi (najijua) tubaki pango la Szemlőhegyi, njia yake imetengenezwa.