Mruko aliopewa mtoto mtundu

Mhariri, swali lenu la wiki, "Mcheza baleti akiingia kwenye filamu, ameikimbia sanaa yake?", limenigusa panapouma. Likiulizwa hivyo, watu huanza kuhesabu filamu, na anayemaliza safari yake akifundisha watoto hasemwi kabisa. Mimi nitamsemea mmoja, Jacques d'Amboise, mcheza baleti wa Marekani, na msimamo wangu nautoa mapema: filamu ndiyo sehemu ndogo kuliko zote katika kazi yake.

Alizaliwa Massachusetts mwaka 1934, akakulia New York. Akiwa na miaka 15 tu aliingia kundi la New York City Ballet chini ya George Balanchine, mtunzi wa baleti aliyeliongoza. Mwaka 1954 alionekana kwenye filamu ya Seven Brides for Seven Brothers akiwa Ephraim, mmoja wa wale kaka saba. Mwaka 1956 akacheza kwenye filamu ya Carousel. Hollywood haikumshika, akarudi kwa Balanchine, na mwaka 1957 akapewa kuongoza Apollo, mchezo wa baleti wa Balanchine. Jukwaa aliliacha mwaka 1984, akiwa anakaribia miaka 50.

Lakini yote hayo yalianzia kwenye darasa la dada yake, na hapo ndipo ningependa tukae.

Alikuwa na miaka 7. Mama yake alikuwa akimpeleka Madeleine kwenye baleti mtaa wa Washington Heights, na kaka mtu akawa hana la kufanya ila kusumbua darasa. Mwalimu, Madame Seda, hakumtoa nje. Alimwita aje aruke, aone ataruka juu kiasi gani.

Alichompa ni mruko wa kubadili miguu, na uchaguzi ule haukuwa wa kubahatisha. Unasimama nafasi ya tano: miguu imepishana, kisigino cha mguu wa mbele kimegusa vidole vya mguu wa nyuma. Unakunja magoti, visigino vyote viwili vikibaki chini. Unaisukuma sakafu, kwanza kisigino, kisha kitako cha vidole (pale wayo unaponenepa nyuma ya vidole), mwisho ncha za vidole. Hewani magoti yananyooka, miguu inaachana kidogo na kupishana, na unatua mguu uliokuwa nyuma ukiwa mbele. Kutua kunafuata njia ileile kinyume: vidole, kitako cha vidole, kisigino, goti.

Mtoto akikosea, hukosea kwenye kisigino. Ana haraka ya kurudi juu, kwa hiyo kisigino hakifiki chini. Kigimbi hakipati kunyooka, na baada ya miruko 16 kano ya kisigino inaanza kulalamika. Kosa la pili ni kulazimisha miguu ielekee nje kwa kupinda magoti na vifundo, wakati mzunguko ule unatakiwa utoke kwenye nyonga. Mtazame goti lake anapotua: lisipokaa juu ya vidole, mpunguzie upana wa miguu kabla hujamwongezea mruko. La tatu ni mabega kupanda, kana kwamba ndiyo yanayoruka. Na kwenye sakafu ya sementi, kama kumbi nyingi za shule zetu, mpe miruko 8, apumzike, kisha 8 tena.

Sasa fikiria Madame Seda angempa kukunja magoti taratibu huku ameshika bomba la ukutani. Yule mtoto angekuwa ameshachoka kabla ya hesabu ya nne! Mruko unachukua nguvu zote alizokuwa akizimwaga ovyo, halafu unadai kitu kigumu kuliko urefu: ukimya wa kutua. Mtoto mwenyewe anausikia mguu wake ukibamiza sakafu, na mruko unaofuata anaurekebisha bila kukemewa. Miezi michache baadaye Madame Seda alimwambia mama awapeleke watoto kwenye shule ya Balanchine.

Ndiyo maana nasema mwaka 1976 ni mkubwa kuliko 1954. Mwaka huo d'Amboise alianzisha National Dance Institute, akaingia kwenye shule za umma za New York na kuanza na wavulana, akiwapa hatua fupi zenye hesabu kali. Mpaka alipofariki mwaka 2021, watu wengi walimjua kwa kazi hiyo.

Hata hivyo, nilipofika hapa nimeona msimamo wangu wa mwanzo umekuwa mkali mno. Kamera humfundisha mchezaji jambo ambalo jukwaa halimfundishi sana: kurudia kipande cha sekunde chache, mwili ukiwa umepoa kwa kusubiri taa, kila mara kwa uso wa mtu anayekifanya kwa mara ya kwanza. Mwalimu wa watoto mia anaihitaji stadi hiyo kila asubuhi. Na Apollo wenyewe unaanza na kijana asiyejua bado kuutumia mwili wake. Usipoweza kuigiza, hatua safi peke yake haitoshi. Tena ni filamu, He Makes Me Feel Like Dancin', iliyoonyesha ufundishaji wake na kushinda Oscar ya filamu ya hali halisi ya mwaka 1983.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana, hakuikimbia, na huenda filamu ilimfaa kuliko nilivyotaka kukubali. Ila msilichukue kama jibu la wote. Yeye alikwenda akiwa na miaka 19, goti zima na nafasi yake New York ikimngoja. Anayekwenda na miaka 35, kano imeshachanika mara moja, anafanya hesabu nyingine kabisa, na huyo nisingethubutu kumwambia arudi.