Kuangalia michongo ya makaburini si kukosa adabu

Dada, umeuliza kama ni vibaya kuingia makaburi ya zamani hapo Nakuru kuangalia tu michongo, na utaanzia wapi. Si vibaya, bora umsalimie mlinzi kwanza na ukipata watu wanazika uwapishe. Enda asubuhi ama jioni jua likiwa chini, mwanga ukipiga kwa upande hata maandishi yaliyofifia yanaanza kusomeka. Halafu usikimbie, chagua kaburi moja ukae nalo. Ukiona nguzo imekatika juu usidhani ni wahuni, fundi aliikata makusudi kuonyesha maisha yaliyokatizwa, mchongo wa mwanakondoo mara nyingi ni kaburi la mtoto, nanga ni ishara ya tumaini. Ukipata malaika angalia mikunjo ya nguo yake, ni jiwe gumu lakini utadhani kitambaa kimelowa maji, hapo mimi hunishika roho kabisa. Tafadhali usisugue na brashi ya waya, marumaru inaliwa. Na ukipata wikendi pitia Kisumu, vuka na feri kutoka Luanda Kotieno hadi Mbita uende kisiwa cha Rusinga kwa kaburi la Tom Mboya, yule waziri wa Kenya aliyeuawa kwa risasi 1969 na jengo lenyewe limejengwa kwa umbo la risasi.