Kupanga kasi ya biti unapochoma video kwenye DVD: maswali na majibu

Swali: Nina video ya harusi ya saa mbili. Nitajuaje kasi ya biti (kiasi cha data kwa kila sekunde ya video) itakayoiwezesha kuenea kwenye DVD moja?

Jibu: Ukubwa wa faili ni kasi ya biti mara muda, kwa hiyo piga hesabu kabla ya kufungua programu. DVD ya tabaka moja huchukua baiti bilioni 4.7 (kompyuta nyingi huandika gigabaiti 4.37, jambo linalowachanganya wengi), yaani biti bilioni 37.6, kwa kuwa baiti moja ni biti nane. Zigawe kwa sekunde 7,200, utapata megabiti 5.2 kwa sekunde. Ukitoa sauti na akiba kidogo ya menyu, picha hubakiwa na 4.8 hivi. Chagua ubanaji wa hatua mbili: kwanza programu huipitia video yote ikipima mwendo, kisha ndipo huandika, ikiwapa wacheza ngoma biti nyingi na hotuba ya mzee aliyesimama palepale biti chache. Sauti nayo ikiachwa bila kubanwa hula karibu gigabaiti 1.4 kwa saa hizo mbili, ilhali ikibanwa kwa AC-3, mfumo wa sauti wa DVD, kwa kilobiti 192 kwa sekunde haifiki megabaiti 200.

Swali: MP4 yangu ina gigabaiti 1.5 tu. Mbona ikigeuzwa kuwa DVD inafika 4?

Jibu: DVD hutumia MPEG-2, mfumo wa kubana video wa miaka ya 1990, wakati MP4 nyingi zimebanwa kwa H.264 ya mwaka 2003, inayohitaji takriban nusu ya biti kwa ubora uleule. Hata hivyo, kuongeza biti kupita kiasi hakurudishi kilichokwisha kupotea katika faili la awali.

Swali: Diski inacheza vizuri kwenye kompyuta, lakini kwenye deki inakatakata.

Jibu: Kikomo cha kasi ya biti ya picha kwenye DVD ni megabiti 9.8 kwa sekunde, lakini deki kuukuu huzisoma kwa shida diski za kuchomwa. Weka kilele cha kasi hiyo kisichozidi 8, kisha choma polepole.

Swali: Je, saa nne zitaenea?

Jibu: Zitaenea kwa megabiti 2.6, sauti ikiwemo, na nyuso za watu zitavunjika vipandevipande kila kamera inaposogea. Sishauri kabisa, kwa kuwa kumbukumbu ya familia haichukuliwi mara ya pili. Tumia diski ya tabaka mbili, yenye baiti bilioni 8.5, au gawa kazi kwenye diski mbili, ukikata pale ibada inapokwisha na ukumbi unapoanza.